Mashua ya urithi: kama huitumii tena, iachie ingali hai

Mashua yetu aliiunda babu, baba akairithi akaitunza, ikaja kwangu, na mimi nimeiuza. Wenye mashua za urithi naona tunazunguka na swali moja tu, niuze nisiuze, na huku tunawaza yenyewe iko juu ya magogo inakauka. Kama huna tena nafasi ya kuishusha majini, iachie mapema, wakati bado ina uwezo wa kuelea.

Maana nchi kavu ndo inaziua. Ikikaa juani mbao zinasinyaa, viungo vinaachama, kalafati (pamba ya kuziba viungo) inalegea, alafu mvua inaingia inatuama ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, na maji ya mvua yanaozesha mbao kuliko ya chumvi. Kwa nje utaona rangi safi tu. Chukua bisibisi upite nayo taratibu kwenye mkuku (uti wa chini) na pale mataruma, zile mbavu za mashua, yanaposhikana na mbao, gonga na kwa mpini wa nyundo, mbao nzima inalia, iliyooza inajibu kizito. Yetu ilikuwa na sehemu kule tezi, yaani nyuma, chini ya rangi aliyoipaka baba mwenyewe, bisibisi ilizama bila kusukumwa, misumari imeliwa na kutu mpaka mbao pembeni imekuwa nyeusi. Niliumia jamani. Ila kila aliyekuja kuiangalia nilimpeleka hapo kwanza, kabla hajashika tanga.

Na hapo ndo unawajua watu. Wa bei tu wanaondoka, kuna aliyetaka kuipanda maua, nikakataa (kwangu mimi bora ivunjwe zitumike mbao zake). Aliyeichukua alilala chali chini yake akaanza kuuliza mbao ipi ilibadilishwa lini, na ikirudi majini itavuja muda gani mpaka mbao zivimbe zijibane. Kuna waliotaja hela nyingi kuliko yeye, sikujali.

Kabla ya yote lakini ongeeni na ndugu. Yule ambaye hajaigusa miaka na miaka ndo atalia kuliko wote na msimcheke, utoto wake umo humo pia, mwambieni kama anaitaka aichukue kabla ya tarehe fulani, na gharama za fundi ziwe zake. Usajili ubadilishwe jina siku hiyo hiyo ya kukabidhiana, ikigonga chombo cha mtu wasije kukutafuta wewe.

Alafu pima: urefu, upana, unene wa mbao, mpinde wa mataruma, piga picha mpaka ndani kabisa, maana siku mjukuu akitaka kuunda nyingine fundi atakuwa na pa kuanzia. Mi nilibaki na kasia moja kuukuu, usukani na kana yake (mpini wa kuugeuzia) nimeviacha, vile ni vya chombo.

Ukishauza usiwe unaenda kukagua kila mara, mwache mwenzio apake rangi anayoipenda.