Levo ya rikoda nimeshusha mpaka 2 na bado sauti inapasuka, nakosea wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni fundi mitambo wa kanisani huku Mafinga, tumenunua rikoda ndogo ya mkononi kwa ajili ya kurekodi kwaya. Jumapili nilitoa waya kwenye miksa nikachomeka kwenye tundu la maiki la rikoda, kwaya ilivyoanza tu sauti ikawa inapasuka, nikashusha levo kutoka 6 mpaka 2, mita ikashuka kabisa haigusi hata nyekundu, ila nikisikiliza inakwaruza vilevile. Rikoda ni mbovu? Na levo inatakiwa iwe ngapi?

JIBU: Salama kabisa mdogo wangu, poleni na majukumu huko Mafinga. Rikoda yako ni nzima. Hapo uliposema mita iko chini na bado inakwaruza ndo umenipa jibu lote, maana kama tatizo lingekuwa levo tu basi ulivyoshusha lingeisha.

Tundu la maiki limetengenezwa kupokea umeme mdogo sana, maiki inatoa milivolti chache tu, sasa miksa kubwa ikitoa sauti kwenye laini, yaani sauti iliyokwisha kukuzwa, inasukuma volti 1.23 hivi, yaani zaidi ya mara mia. Ile sakiti ya kwanza ya kukuza sauti ya maiki inazidiwa pale pale mlangoni, na kwenye rikoda nyingi hizi ndogo kitufe cha levo kinafanya kazi baada ya hapo. Huku Uyole watu wanamwagilia mboga kwa mpira kutoka mlimani, mpira ukipasuka kule juu wewe ukabana koki huku shambani maji yatapungua kweli ila mpira umeshapasuka. Ndo kilichokukuta.

Kwahiyo ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuchagua maiki au laini, weka laini. Nyingine zina tundu la laini peke yake, nyingine zina swichi ya kupunguza desibeli 20, tumia hiyo. Kama yako haina hata kimoja, nunua waya wenye kipunguza sauti ndani yake au rudi kwenye miksa ushushe ile njia ya kurekodia, sio masta inayoongoza spika zote, maana ukigusa masta waumini watakugeukia. Na ule umeme wa volti 48 wa maiki uzime kabla hujachomeka waya wa miksa.

Sasa levo. Namba ya kwenye kitufe usiishike, 4 ya rikoda yako sio 4 ya kwangu. Angalia mita. 0 ni dari, juu ya hapo hamna kitu, wimbi likifika linakatwa. Mimi nataka vilele, yaani pale sauti inapopanda juu, vya kawaida vicheze kwenye desibeli -12, pale kwaya nzima inapopanda isizidi -6. Na rekodi WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya biti 24, hapo hata ikiwa chini kwenye -20 utapandisha kwenye kompyuta bila shida. Zamani kwenye kaseti tulikuwa tunasukuma mpaka karibu na nyekundu ili kuficha ule mvumo wa tepu, na tepu ilikuwa inavumilia. Dijitali haivumilii.

Kosa ambalo naliona kila siku ni mtu kupima levo na mtu mmoja anayesema "helo helo". Nililifanya mimi mwenyewe kwenye harusi moja Tukuyu, nilipima na MC peke yake, vilele vikacheza kwenye -6 nikaona safi nikaenda kula. Bibi harusi anaingia, mama mmoja akasimama nusu mita kutoka kwenye stendi akapiga vigelegele. Nilivyofungua kwenye kompyuta nikavuta karibu, vilele vyote vimekatwa bapa kama vimepitishwa panga, na kile kipande ndo familia walikuwa wanakitaka kuliko vyote. Iliniuma sana. Toka siku hiyo naomba kwaya waimbe ile sehemu yao ya juu kabisa, wote, na makofi na vigelegele, napima hapo afu nashusha kidogo tena, maana siku yenyewe watu wanaimba kwa nguvu kuliko mazoezini.

Ile levo ya otomatiki izime, wimbo ukiisha mchungaji akinyamaza kidogo inapandisha yenyewe na utasikia jenereta la nje linakuja kama liko madhabahuni. Limita, ile inayozuia vilele visigonge dari, unaweza kuiwasha kama akiba. Vaa hedifoni kwanza, ila kumbuka volyumu ya hedifoni haihusiani na kinachorekodiwa.

Kitu kingine ambacho hukuuliza, miksa inakupa tu kile chenye maiki. Kama ngoma na sauti ya nne hazina maiki, kwenye rekodi zitakuwa hazipo au kwa mbali. Kwa kwaya mimi naweka rikoda yenyewe kwenye stendi mbele yao, mita 3 hivi, juu kidogo ya vichwa, natumia maiki zake za ndani. Ila mvua ikipiga bati hamna levo itakayokuokoa, subiri ipite.

Ile ya Jumapili haitarudi vizuri. Zipo programu za kujaribu kuziba vilele vilivyokatwa na zinasaidia pale ilipopasuka kidogo, yako imepasuka wimbo mzima. Waombe kwaya waimbe tena siku ya mazoezi, kanisa likiwa tupu na feni zimezimwa, nina uhakika utapata nzuri kuliko hata ile ya ibada.