Wadogo zangu, msichimbe kwenye tuta

Wiki iliyopita, Urambo mkoani Tabora, nimewakuta wawili wenu kwenye shamba la tumbaku mmekita bomba la kuchukulia sampuli za udongo za kupima mionzi katikati ya tuta. Roho iliniuma. Shimo hilohilo nililichimba mimi.

1. Tafuteni ardhi isiyoguswa na jembe. Mwaka wangu wa kwanza nilipenda shamba kwa kuwa udongo wake ni laini na barabara iko karibu. Nikakata tabaka za sentimita 2 hadi kufika 20, mashimo matatu, mifuko 30, kila mmoja na lebo yake. Mzee mwenye shamba alikaa chini ya mwembe akinitazama. Akauliza mara moja tu: "Mwanangu, unataka udongo wa juu au wa chini?" Nikajibu wa juu, nikaendelea kugonga. Maabara, sesiamu-137, ile elementi ya mionzi tunayoitafuta, ikatoka kidogo, na sawasawa toka juu hadi chini. Nikaandika kwenye ripoti kwamba Tabora sesiamu imezama haraka. Msimamizi alisoma, akauliza: "Hapa palilimwa?" Usiku ule sikulala. Sesiamu iliyoshuka na mvua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia angani hung'ang'ania mfinyanzi. Pasipolimwa, nyingi ingali juujuu. Jembe likiichanganya na kuifukia, udongo unaoifunika hupunguza mionzi ya gama inayomfikia mtu aliyesimama pale. Ukikosea tabaka, umekosea na dozi, yaani kiasi cha mionzi anachopata mtu. Mifuko yote 30 nilimwaga, na mafuta ya gari ya wenzangu yakapotea bure. Nikarudi kwa mzee, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akanishika mkono hadi kwenye malisho ambayo ukoo wake haujawahi kuyalima.

2. Kipima mionzi kiwe mita 1 kutoka ardhini. Pimeni kwa kamba, siyo kwa kiuno. Wengine ni warefu kama minazi.

3. Kausheni udongo kwa nyuzi joto 105 za Selsiasi, chekecheni kwa chekeche la milimita 2, fungeni ndani ya kopo wiki 4 kabla ya kupima.

4. Kwenye grafu ya nishati ya gama, kilele cha keV 609 ni cha bismuthi-214, itokanayo na urani ya asili, cha 662 ndicho cha sesiamu. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu huvisogeza karibu mno, ni rahisi kuvichanganya. Juzi mmoja wenu kanipigia simu usiku kutoka Kasulu, sauti inatetemeka, eti sesiamu imejaa. Mdogo wangu, nusu-maisha yake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni miaka 30. Ile iliyoshuka 1962 imebaki chini ya robo. Potasiamu, urani na thoriamu za mwamba ndizo zinazokupa sehemu kubwa ya dozi ya udongo hapo uliposimama.

Jumamosi alfajiri naenda malisho yale. Njooni na bomba na nyundo, chai na mihogo naleta mimi.