Linux Ikikugomea, Eleza Ulichokiona

Jioni moja nilisasisha laptopu yangu inayotumia mfumo endeshi wa Linux, nikaiwasha upya, Wi-Fi ikawa imetoweka. Si kwamba ilikataa kuunganishwa; hata orodha ya mitandao haikuonekana. Nikashika simu na kuwaandikia watumiaji wenzangu: "Draiva ya Wi-Fi imeharibika, nisaidieni." (Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani.) Saa zikapita kimya. Hatimaye akajibu mmoja, kwa swali: umejuaje kuwa draiva ndiyo iliyoharibika?

Sikuwa nimejua. Nilikisia, kisha nikalitoa kisio langu kama habari ya hakika. Anayekusaidia kutoka mbali haioni mashine yako wala haigusi. Ana maneno yako tu. Ukimpa dhana badala ya ulichokiona, mtahangaika wote wawili mahali pasipo na kitu.

Aliniomba niendeshe amri mbili kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Ya kwanza, lspci -nnk, huorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta pamoja na namba zake za utambulisho, na chini ya kila kifaa hutaja draiva inayokiendesha, ambayo ni moduli, yaani kipande cha kuongezwa kwenye kerneli, kiini cha mfumo. Kadi yangu ya Wi-Fi ilikuwepo, lakini mstari wa "Kernel driver in use" haukuwepo. Ya pili, uname -r, ilionyesha kerneli mpya, iliyoingia na masasisho ya jioni ile. Hapo mambo yakaanza kueleweka. Draiva ya kadi yangu haimo ndani ya kerneli yenyewe. Programu iitwayo DKMS huijenga upya kila kerneli mpya inapowekwa, na ili ifanye hivyo inahitaji faili za heda za kerneli hiyo hiyo, yaani maelezo ya kerneli yanayotumika kujengea moduli. Kwangu hazikuwepo. Basi draiva haikuwa imeharibika, ilikuwa haijajengwa.

Akanielekeza niwashe upya, kwenye menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta inapowashwa, nifungue chaguo za ziada, nichague kerneli ya zamani. Wi-Fi ikarudi. Nikaitumia kupakua heda zilizokosekana, moduli ikajengwa, nikarejea kwenye kerneli mpya bila tatizo. (Menyu isipojitokeza yenyewe, kwenye mashine nyingi huitwa kwa kubonyeza Esc, au kushikilia Shift kwenye zile za zamani.) Natamani kila mtumiaji mpya aijue njia hii kabla hajafikiria kufuta mfumo mzima na kusakinisha upya. Nimeona watu wakipoteza mafaili ya miaka kwa tatizo ambalo kerneli ya jana ingelimaliza.

Siku hizi, kabla sijamsumbua mtu, huandika kwanza modeli kamili ya laptopu, distro (aina ya Linux, kama Ubuntu au Fedora) na toleo lake, kerneli, na jambo ambalo wengi hulisahau: nini kilibadilika kabla tatizo halijaanza. Sasisho? Kifaa kipya kilichochomekwa? Mpangilio uliougusa kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo? Mara nyingi jibu limelala hapo.

Kisha maandishi ya kosa, neno kwa neno. Mashine ikiganda ukalazimika kuizima, amri ya journalctl -b -1 husoma kumbukumbu za uwashaji uliopita, mradi mfumo wako unazihifadhi kwenye diski. Si lazima uzielewe, ilmradi uzinakili kama zilivyo. Usizipige picha kwa simu, kwa sababu msaidizi hawezi kutafuta neno ndani ya picha. Kama mfumo wako unaongea lugha ambayo wasaidizi hawaisomi, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, nayo itajibu kwa Kiingereza. Kwa muhtasari wa vifaa napenda inxi -Fxz, maana ile z huficha namba za utambulisho kama anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, ambazo hazina sababu ya kuonwa na watu usiowajua.

Kuhusu laptopu inayolala isiamke, anza na cat /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndiyo aina ya usingizi inayotumika, s2idle (usingizi mwepesi) au deep (usingizi mzito), na yeyote atakayekusaidia ataliulizia.

Sasa tahadhari. Amri yoyote yenye sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote ya mfumo, uliyopewa na mgeni, uliza inafanya nini kabla ya kubonyeza Enter. Msaidizi mwenye nia njema hachukizwi na swali hilo. Amri kama dd, inayoweza kuandika juu ya diski nzima, na rm -rf, inayofuta mafaili bila kuuliza, hazikupi nafasi ya kujuta. Tazama pia ushauri uliandikwa lini, kwani dawa ya kerneli ya 2014 yaweza kuuharibu mfumo wa leo. Na ujaribu badiliko moja kwa wakati, ukiandika ulichofanya. Ukibadilisha matatu pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, wala hutaweza kumwambia mwingine.

Nilipomaliza, nilirudi kwa wenzangu nikaeleza hatua zote, pamoja na namba ya kadi. Miezi kadhaa baadaye mtu mwenye kadi ile ile akaniandikia: heda anazo, moduli imejengwa, lakini Wi-Fi bado hakuna. Nikamwomba ajaribu kuipakia kwa modprobe, amri ya kuingiza moduli kwenye kerneli, na aninakilie jibu. Likaja: "Key was rejected by service." Kwake Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa tu wakati wa kuwasha, ilikuwa ikiikataa moduli kwa kuwa ufunguo uliotumika kuisaini haukuwa umesajiliwa. Akausajili kwa mokutil, amri ya kusajili funguo hizo, akawasha upya, akathibitisha, na jioni hiyo hiyo akaandika maelezo yake chini ya yangu.