Hedifoni za planari: amplifaya ipi inatosha?

Wiki hii maswali yamekuja mengi kuhusu hedifoni za planari, zile zenye utando mwembamba badala ya koni, na karibu yote yana hofu moja ndani yake, kwamba mtu kanunua kitu cha bei halafu amplifaya yake haitaweza kukisukuma. Nimechagua yale yanayogusa wengi.

Fundi, shikamoo. Nimepata HIFIMAN Sundara iliyotumika. Nikiichomeka kwenye simu inaimba kama iko chumba cha pili. Rafiki yangu anasema bila amplifaya ya wati 2 nimetupa pesa. Ni kweli? (Msomaji wa Makorora, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Pesa hukutupa, na wati 2 hazihitajiki. Tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ikikukaa kichwani hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Kwenye karatasi ya hedifoni tafuta namba mbili. Ya kwanza ni usikivu, yaani ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli ngapi. Sundara imeandikwa 94. Ya pili ni ukinzani, yaani inavyouzuia umeme kupita, na kwa Sundara za mwanzo ni ohmu 37. Sasa shika kanuni hii: ukitaka kuongeza desibeli 3 unahitaji nguvu maradufu, na ukitaka kuongeza 10 unahitaji nguvu mara kumi.

Vilele vya muziki, pale ngoma inapopigwa kwa nguvu, tuviwekee desibeli 110. Hiyo ni sauti kubwa mno, hakuna wa kuisikiliza mfululizo, lakini kilele kinapita kufumba na kufumbua na ni lazima kipate nafasi. Kutoka 94 hadi 110 ni desibeli 16, sawa na miliwati 40. Kwa ohmu 37, miliwati 40 zinataka volti 1.2 hivi. Vile viadapta vidogo vya simu vingi hutoa kati ya nusu volti na volti 1. Chako kikiwa cha nusu volti, utaishia kwenye desibeli 102 hivi. Unasikia maneno yote, ila ngoma haina kifua.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haitakwambia. Nyimbo za siku hizi zimerekodiwa kwa sauti ya juu, lakini ukiweka taarabu ya Tanga ya zamani, Black Star au Lucky Star, iliyohamishwa kutoka kwenye sahani au utepe, mara nyingi iko chini sana. Hapo unaweza kuhitaji desibeli 10 zaidi, na miliwati 40 zinageuka 400. Ndiyo maana nakushauri utafute amplifaya inayotoa nusu wati hadi wati 1 kwa ohmu 32. Atom ya JDS Labs, kwa mfano, ilitangazwa kutoa wati 1 kwa ohmu 32, na si mashine ya bei ya kutisha. Ukishapata hiyo, pesa inayobaki nunulia muziki.

Habari za kazi, mwalimu. Mimi nasoma muziki hapa Bagamoyo. Hizi planari zina tofauti gani na hedifoni za kawaida, na kwa nini zinasifika kuwa na njaa ya umeme? (Mwanafunzi, Bagamoyo)

Nzuri, mwanangu. Hedifoni ya kawaida ni spika ndogo: koili imegandishwa kwenye koni, koili ikisukumwa na sumaku inaivuta koni pale katikati. Planari haina koni. Ina utando mwembamba sana uliochorwa njia za umeme juu yake, nao umetandazwa mbele ya safu za sumaku au katikati ya safu mbili. Umeme ukipita, utando wote unasukumwa kwa pamoja, karibu sawasawa kila mahali. Wewe unayesomea muziki utaipata tofauti hiyo kwenye gitaa la besi: noti inaanza na kuisha bila kuburuta mkia. Wazo lenyewe si geni. Yamaha waliuza HP-1 mwaka 1976 wakiliita jina la Orthodynamic.

Njaa inatokana na sumaku kuwa mbali kidogo na utando, kwa sababu utando unahitaji nafasi ya kucheza, na pia na zile njia za umeme kukaa kwenye uga wa sumaku usio mzito kama ule unaoizunguka koili. Lakini sifa hii imebaki nyuma ya wakati. Audeze LCD-X imeandikwa desibeli 103 kwa miliwati 1, na hata simu inaiimbisha vizuri. Uliza namba ya hedifoni yenyewe, usiulize kama ni planari.

Assalam alaykum. Ninafanya kazi melini na nimejipa zawadi ya HIFIMAN Susvara baada ya miaka mingi ya kuweka akiba. Nyumbani Raskazone nina amplifaya ya spika, wati 50 kwa ohmu 8. Nimesikia watu wanaiunganisha moja kwa moja. Nifanye hivyo? (Baharia wa Tanga)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hongera. Hilo ndilo swali nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote, kwa sababu hapa amplifaya ina maana kweli, na hapa pia ndipo mtu anapoweza kuunguza kitu kilichotoka kiwandani kwa dola 6,000.

Susvara ina usikivu wa desibeli 83 na ukinzani wa ohmu 60. Ilinganishe na ile LCD-X ya 103: tofauti ni desibeli 20, kwa hiyo yako inataka nguvu mara mia kwa sauti ileile. Kampuni hazipimi kwa njia moja, basi usiishike namba hiyo kama msumari, ila ukubwa wa pengo ni huo. Kufika desibeli 110 unahitaji nusu wati, yaani volti 5.5 hivi. Ukiweka rekodi ya chini inayodai desibeli 10 zaidi, ni wati 5 na zaidi ya volti 17. Amplifaya nyingi za mezani za hedifoni hazifiki huko. Zinapolazimishwa zinakata vilele vya mawimbi, na watu husema hedifoni ina sauti kavu, kumbe ni amplifaya iliyoishiwa pumzi.

Amplifaya yako ya wati 50 kwa ohmu 8 inatoa volti 20. Volti 20 kwenye ohmu 60 ni kama wati 6.7. Kwa namba, zinaelewana. Walioipenda HE6, ndugu yake mkubwa mwenye desibeli 83.5, walianza kutumia amplifaya za spika zamani kwa sababu hiyohiyo.

Sasa hatari. Geuza amplifaya, tazama vituo vya spika, kisha usome kitabu chake. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa hutoa sauti kwa daraja, maana yake kituo cheusi cha kila upande nacho kina umeme wa sauti na hakijaungwa na ardhi. Ukitumia waya wenye jeki ya kawaida ya pini tatu, unaunganisha nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia, na umepiga shoti. Tumia waya wa XLR ya pini nne, ile plagi nene ya duara, ambao kila sikio lina njia zake mbili peke yake. Kabla ya kuwasha, sauti iwe sifuri kabisa, na usiivae kichwani dakika ya kwanza. Na asikuazime mtu: mtu akichomeka LCD-X hapo, volti 20 kwenye ohmu 20 ni wati 20, wakati Audeze wenyewe wameweka mwisho wa wati 5. Utando utaungua.

Mimi ningekuwa wewe, na kama akiba inaruhusu, ningetafuta amplifaya ya hedifoni inayotoa wati kadhaa kwa ohmu 60 kwenye pini nne, ili nilale usingizi. Njia ya spika ni halali. Inataka mtu makini, na hatari yake ni watoto na wageni wanaopenda kugusa.

Mjomba yuko Maskati, anataka kunipa amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo. Ina transfoma moja tu ya umeme, hakuna nyingine ya sauti. Itaifaa LCD-X yangu? (Msomaji wa Chumbageni)

Mshukuru sana mjomba, lakini kwa LCD-X hapana. Valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zina ukinzani mkubwa wa ndani, na zinapatana na hedifoni za ohmu 300 kama Sennheiser HD 600. LCD-X ni ohmu 20. Ukinzani wa ndani ukiwa ohmu 100, hedifoni inapata sehemu moja ya sita tu ya volti, nyingine zote zinaishia ndani ya amplifaya. Planari zina jambo jema hapa: ukinzani wao hauyumbi kutoka besi hadi sauti za juu, kwa hiyo umbo la sauti halitaharibika sana, nguvu tu ndiyo itakosekana. Valvu yenye transfoma ya kutolea sauti ni habari nyingine, hiyo ichukue.

Pini nne zina sauti nzuri kuliko jeki ya kawaida? (Msomaji wa Muheza)

Zina nguvu zaidi. Volti huwa maradufu, na nguvu inaweza kufika mara nne kama amplifaya ina mkondo wa kutosha. Kwa Susvara hilo lina faida. Kwa LCD-X jeki ya kawaida inatosha, usinunue waya wa ziada.

Na kwa kuwa wengi wananiuliza kama amplifaya ghali inaongeza utamu: nilikaa barazani na mbili, moja ya bei ndogo na nyingine ya bei mara nane, sauti nikazisawazisha kwa mita ya volti, mwenzangu akawa anabadilisha waya nyuma ya pazia. Sikuweza kuzitofautisha. Amplifaya ikishatosheleza nguvu na haitoi mvumo, pesa ina kazi kubwa zaidi kwenye hedifoni.

Dada yangu ananiletea amplifaya kutoka Marekani. Kuna la kuangalia? (Msomaji wa Bagamoyo)

Adapta, kwanza kabisa. Kule umeme ni volti 120, huku ni 230. Kuna amplifaya nzuri zinazokuja na adapta ya transfoma ya volti 120 pekee. Yangu ya kwanza niliichomeka bila kusoma, ikanuka, ikafa, nikakaa miezi bila muziki. Mwambie dada asome maandishi ya nyuma: yakisema 100 hadi 240, njoo nayo. Yakisema 120 pekee, atafute adapta ya 230 yenye volti zilezile za kutokea na aina ileile, AC (umeme unaogeuka mwelekeo) kwa AC na DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kwa DC, kwa sababu baadhi ya amplifaya hizi zinataka AC na ncha za waya zinafanana kabisa. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka.

Na wewe, kama baharia wetu wa Raskazone, unaishi karibu na maji. Chumvi inakula pini na viungio vya waya. Hedifoni isilale barazani wala dirishani usiku. Ifute jasho kwenye mito yake kwa kitambaa kikavu, hasa miezi ya kaskazi, irudishe kwenye boksi lenye vifuko vya silika, na vifuko vikishalewa unyevu vibadilishe.