Nyumba Inavuja: Kwa Wewe Unayetunga Mji Ambao Watu Wake Hawaoni Majini

Jumapili iliyopita, nikiwa uani nachambua mchele, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa kijana nisiyemfahamu. Ameandika hivi: "Shikamoo dada. Natunga simulizi, sasa niko sehemu ya tisa. Ni mji wa kubuni, majini yamejaa kila kona lakini wananchi hawajui lolote. Tatizo wasomaji wangu wanasema wananchi wangu ni mazuzu. Nifanyeje?"

Niliweka ungo chini nikausoma mara tatu. Neno hilo mazuzu nalijua uzito wake. Mimi niliandikiwa kwa wino mwekundu.

Nilimjibu siku ileile kwa kifupi, ila moyo haukutulia. Leo naeleza lote, kwake na kwa kila mwenye ndoto kama yetu, maana najua tuko wengi tunaoandika usiku watoto wakishalala, na sote tunataka kitu kimoja: msomaji afike mwisho wa sehemu ausikie mwili ukimsisimka.

Mji wangu unaitwa Furukombe. Haumo kwenye ramani. Nimeuweka kati ya Tanga na Pangani, una gati moja bovu, soko la samaki, msikiti wa mtaa, na mkonge kwa nyuma mpaka macho yanapochoka. Nilipouanza mwaka 2014 niliujaza kila kitu. Usiku wa bamvua mwanamke alitoka baharini akapita sokoni hadi kwa muuza mkaa, na asubuhi nyayo zake zilikuwa zimekauka na kuacha chumvi. Wavuvi walivuta nyavu zikaja na nywele za watu. Kulikuwa na mtoto mwenye vivuli viwili. Na watu wa Furukombe, wote, hawakuona. Nilidhani utamu uko hapo hapo: msomaji anajua, wao hawajui.

Niliuchapa mswada stesheneri, kurasa 212, kwa fedha ambayo nyumbani ilikuwa na kazi nyingine. Nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja. Baada ya miezi minane ulirudi ndani ya bahasha ileile niliyoupelekea, bila barua. Pembeni mwa kurasa mhariri alikuwa ameandika, "Kwa nini hawaoni?" Nilihesabu. Ameliandika mara kumi na moja. Ukurasa wa mwisho akamalizia: "Hawa watu ni mazuzu?"

Nitasema ukweli wangu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuwa na haki ya kunirudishia jasho la miaka miwili bila hata salamu. Mswada ule ninao mpaka leo, na kila nikiufungua jicho linakwenda kwanza kwenye wino wake kabla ya maneno yangu. Kama unaisoma hii na wewe ni mhariri, andika mistari miwili ya kiutu. Haikugharimu kitu.

Miaka miwili iliyofuata sina la kusimulia. Nilifundisha, nikalea, sikuandika.

Kilichonirudisha kwanza ni tamthilia ya Kimarekani. Shemeji yangu alikuwa na kasha la DVD za Buffy the Vampire Slayer, ile ya msichana Buffy anayewinda wanyonya damu, iliyorushwa kuanzia 1997 hadi 2003, na likizo moja nilizitazama karibu zote nikiwa nakunja nguo za watoto. Mji wake ni Sunnydale, wa kubuni, umewekwa California, na umejengwa juu ya mdomo wa Jehanamu. Kila wiki wanyonya damu wanaua watu, na kila wiki mji unaamka, unafungua maduka, unapeleka watoto shule. Nikasema moyoni, hao ndio Furukombe yangu. Mbona hawa wamekubaliwa na mimi nimeitwa mtungaji wa mazuzu?

Nikaanza kutazama upya kama mwanafunzi. Nikagundua kwamba Sunnydale haina watu wasioona. Ina maelezo yaliyo tayari. Tukio likiwa kubwa mno, polisi na mkuu wa shule wanasema ni genge la vijana waliolewa dawa za kulevya, na mji mzima unashika neno hilo. Halafu meya wa mji ndiye aliyeuanzisha, akiwa na mkataba na mashetani tangu mwanzo. Kwa hiyo kuna neno la kufunikia, na kuna mtu ambaye kifuniko kinamfaa.

Lakini kilichoniliza ni sehemu ya mwaka 1999, usiku wa dansi ya kumaliza shule. Kijana mmoja anashika kipaza sauti mbele ya wote na kusema kwamba hawalizungumzi, ila si siri kwamba shule yao si kama nyingine. Kisha wanafunzi wanampa Buffy mwavuli mdogo wenye kibao cha maandishi, zawadi kwa mlinzi wao, kwa kuwa darasa lao ndilo lililokuwa na vifo vichache kuliko yote yaliyotangulia. Walikuwa wanajua. Miaka mitatu msomaji, yaani mtazamaji, anadhani hawajui, kumbe wanajua. Nililia na shati la mtoto mkononi.

Sasa mdogo wangu, usikimbilie kuiga hapo. Mimi niliiga, nikaharibu rasimu ya pili nzima. Polisi wa Furukombe walisema ni vibaka, mwenyekiti wa mtaa akasema ni vibaka, na wenzangu watatu niliowapa waisome wakacheka pasipo na kichekesho. Mmoja aliniambia: "Dada, pwani gani hiyo ambayo mwanamke anatoka baharini na watu wanasema kibaka?"

Hapo ndipo penye mzigo wetu. Sunnydale inasimama kwa sababu watu wake hawaamini mambo hayo, kwa hiyo maelezo yoyote yanawatosha. Sisi msomaji wetu amekua na habari za ruhani, subiani, chunusi na vibwengo. Huku kwetu mtu huona jini hata pale ambapo hakuna. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Zanzibar, alilijua hilo zamani: katika kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopata tuzo ya kwanza ya mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, watu wana hofu ya mzimu, na mpelelezi wake Bwana Msa ndiye anayetafuta mkono wa binadamu. Basi ukimwambia msomaji wa namna hii kwamba mji mzima haujui, atakukatalia. Ana haki.

Jibu nililipata kwa shangazi yangu.

Utotoni nilikaa Ngamiani kwa bibi, kwenye moja ya zile barabara za namba. Mkabala na kwetu palikuwa na nyumba nzuri ya vyumba sita, baraza pana, mlango wa mninga. Haikuwa na mpangaji. Mtu akiuliza, mtaa mzima ulimjibu neno moja: inavuja. Bibi alisema inavuja. Muuza kahawa alisema inavuja. Hata mwenye nyumba, akija kufagia baraza mchana kweupe na kuondoka kabla ya alasiri, alisema ni nzuri ila inavuja. Nami nilikuwa mtoto, nikaamini, mpaka nilipopanda mwembe wa jirani nikaiona paa. Ilikuwa na mabati mapya, yaking'aa mpaka yanaumiza macho. Hakuna hata msumari uliopata kutu.

Sikuuliza. Nilishuka. Na wiki hiyohiyo mgeni aliponiuliza mimi, nilimjibu kama wakubwa wangu.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa imelala. Iliamka tulipokutana msibani, nikamuuliza shangazi taratibu: "Shangazi, ile nyumba bado inavuja?" Aliniangalia kwa muda, akanifunika mguu kwa khanga yake kama vile bado ni mtoto, akasema: "Mwanangu, mvua za mwaka huu zimekuwa nyingi." Basi. Akageukia wageni.

Nilirudi nyumbani nikaandika mpaka adhana ya alfajiri. Watu wa pwani hawafumbi macho kwa kutoamini. Wananyamaza kwa sababu wanaamini sana, na kukitaja kitu ni kukiita. Bibi yangu usiku hakumtaja nyoka, alisema "kamba". Hiyo ni elimu, na mimi nilikuwa nimeitupa nikawafanya watu wangu vipofu. Ilinibidi niwarudishie heshima yao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta neno. Kaa na wazee wako, usikilize wanaita nini kile wasichokiita. Mji wako ukishapata neno lake, huhitaji tena kueleza kwa nini hawaoni. Furukombe mpya inaanza hivi: mpangaji anafika, anaonyeshwa nyumba, anaambiwa inavuja. Sentensi tatu tu na msomaji wa pwani ameshakaa sawa.

Ila neno peke yake halitoshi, na hapa wengi mnakwama sehemu ya kumi. Lazima ukimya uwe na sababu. Katika Macondo, mji wa kubuni wa Gabriel García Márquez katika riwaya yake ya 1967, msichana Remedios anapaa mbinguni mchana kweupe akiwa na mashuka waliyokuwa wakiyakunja, na wifi yake Fernanda anabaki kumwomba Mungu amrudishie mashuka yake. Mwujiza wanauona, wala hawashtuki. Lakini wafanyakazi wa mashamba ya ndizi wanapopigwa risasi stesheni, na maiti kupakiwa kwenye treni, yule aliyenusurika anarudi mjini na kuambiwa kwamba hapajakufa mtu. Nyuma ya kisa hicho kuna damu ya kweli, ya Ciénaga, Kolombia, Desemba 1928. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mji unaweza kuukubali mwujiza na kuikana maiti.

Nikajiuliza, Furukombe wanakana nini? Nikarudi kwa yule mwanamke wa bamvua. Alikuwa abiria. Jahazi lilizama mbele ya gati wakati wa babu zao, na watu wa mji hawakutoa ngalawa hata moja kwa sababu walikuwa wanasubiri mizigo ije ufukweni. Ilikuja. Kila nyumba ilipata jora la kitambaa. Tangu sehemu ya kwanza niliandika kwamba mapazia ya Furukombe yana maua ya bluu, nyumba hii maua ya bluu, ile maua ya bluu, na hakuna msomaji aliyelitilia maanani mpaka sehemu ya thelathini na nne. Usiku ule simu yangu haikulala. Dada mmoja wa Mombasa alinitumia sauti ya dakika tatu, anapumua tu kwanza, halafu anasema: "Mapazia! Kumbe mapazia!"

Hiyo ndiyo sababu nasema tafuta nani anafaidika, na nani analipa. Yule mtoto wa vivuli viwili nilimwacha abaki, kwa sababu mtu mmoja lazima alipe, na mara nyingi ni mtoto, ambaye bado hajafundishwa neno.

Na uweke kanuni yako wazi kichwani kabla hujaandika, maana si kila kiumbe kinataka kufichwa. Popobawa, kiumbe anayesemekana huvamia watu usiku wakiwa wamelala, alipoingia Pemba mwaka 1995, habari zikavuka hadi Unguja na bara, watu walilala nje kwa makundi wakiwa wamewasha moto, na ilisemekana aliyetokewa asipowaambia wenzake atarudiwa. Kisa hicho kinadai kusemwa. Ukikiweka ndani ya mji wa ukimya bila kufikiri, hadithi itakuvunjikia mkononi. Mimi nilimwondoa kiumbe mmoja niliyempenda sana kwa sababu hiyo hiyo.

Furukombe ilikwisha mwezi uliopita, sehemu ya sitini. Nimeitoa yote kwa WhatsApp, sehemu tano kwa shilingi 500, na imenilipia ada ya mtoto wa pili. Mzee mmoja mvuvi aliyesomewa na mjukuu wake alinitumia salamu kwamba mji huo anaujua, ameshatia nanga pale. Sijapata sifa inayozidi hiyo, na sitaki kujifanya kwamba sikujivunia. Nimejivunia.

Ndugu zangu, tuache kuwadharau watu tunaowaandika. Muuza mkaa wako ana akili. Mama lishe wako ameona zaidi yako. Ukitaka wasiseme, wape jambo zito la kutosema, uwape neno lao, uwape cha kupoteza. Tafuta neno, narudia, tafuta neno. Na kaa na wazee wako kabla hawajaondoka, kwa sababu shangazi yangu sasa hasikii vizuri na kuna maswali nilichelewa kuyauliza.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Tanga kumwona. Nikapita pale mtaani. Mwembe wameukata, ile nyumba ipo, wameipaka rangi ya krimu, na mlangoni kuna kipande cha karatasi: INAPANGISHWA. Dada mmoja mgeni, mtoto mgongoni, alikuwa amesimama barazani akichungulia dirishani. Jua lilikuwa kali, mabati yanang'aa vilevile.

Akaniita: "Samahani dada, wewe ni wa hapa? Hii nyumba ikoje?"

Nikamsalimia, nikamshika mtoto mguu, nikamwambia: "Nzuri, mdogo wangu. Ila inavuja."