Mtoto wa wiki saba, siku nne hajapata choo

Dada, kama ananyonya maziwa yako tu, siku nne bila choo kwa umri huo mara nyingi si tatizo. Maziwa ya mama huacha makapi machache, wengine hufika hata wiki. Angalia choo chenyewe kikija: kikiwa laini, hata kama alijikunja na kuguna akisukuma, hajafunga choo. Kufunga choo ni vile vigololi vikavu. Na uhesabu nepi. Zenye mkojo zikifika sita kwa siku, anashiba. (Angekuwa chini ya mwezi ningekwambia umpeleke kliniki.)

Hayo maji na dawa ya chango anayosisitiza bibi yake, mwambie kwa heshima tu kwamba hapana, mpaka miezi sita. Kipande cha sabuni huko nyuma ndiyo usithubutu kabisa! Mlaze chali, mzungushe miguu kama anaendesha baiskeli, mkande tumbo taratibu.

Kucheua kidogo baada ya kunyonya ni kawaida. Ila akitapika kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, choo kikija na damu, akipata homa au akikataa ziwa, hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.