Hisia nzito zinapoibuka wakati wa kutafakari: usiache, lakini jiwekee kipimo

Ndugu mleta mada, nimelisoma swali lako kwa makini kabla ya kuanza kuandika. Unasema kwamba umekuwa ukiketi kutafakari kila alfajiri huko Jinja kwa miezi kadhaa, kwamba mwanzoni ulipata utulivu na usingizi mzuri, na kwamba sasa kila ukifumba macho unajiwa na uchungu wa kufiwa na mama yako pamoja na hasira kali dhidi ya kaka yako mkubwa, aliyeuza sehemu ya kibanja, yaani kipande cha ardhi cha familia, bila kuwashirikisha. Unauliza kama hiyo ni dalili kwamba taamuli, yaani huko kutafakari, haikufai, na kama ni bora uache. Kwa ufupi, hisia hizo kuibuka si ajabu wala si ugonjwa, lakini pia hulazimiki kuzikabili zote kwa mara moja eti kwa sababu zimejitokeza. Kinachotakiwa ni kukijua kipimo chako na kukiheshimu, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa sababu wengi wanaotufundisha kuketi hulipita haraka mno.

Nasema haya kama mtu yaliyomfika. Nililelewa katika kambi ya jeshi, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa makabila yote, na ambako mtoto wa askari hujifunza mapema kuyameza machozi. Baba alipofariki, mimi nikiwa kifungua mimba, nilitafuta viti na turubai, nikapokea wageni, nikasimamia masufuria ya posho na maharagwe, nikawabembeleza wadogo zangu, na matanga yakaisha bila mimi kudondosha chozi. Miaka ikapita. Nilianza kutafakari kwa sababu ya presha, baada ya daktari kunishauri nitafute namna ya kupunguza wasiwasi, wala sikuwa na nia ya kufukua jambo lolote la zamani. Kisha asubuhi moja, nikiwa nafuata pumzi kama kawaida, nilisikia harufu ya kiwi ya viatu, ingawa nyumbani mwangu hapakuwa na kiatu kilichopigwa kiwi, na papo hapo kifua kikanibana na donge likanikaa kooni. Baba alikuwa akiving'arisha viatu vyake kila jioni mbele ya mlango wetu.

Kwa nini mambo haya hungojea mpaka mtu atulie? Mchana kutwa akili ina pa kujishikiza: kazi, foleni ya barabarani, simu, bei ya sokoni, watoto. Tunapoketi kimya tunaviondoa vishikizo hivyo kimoja baada ya kingine, na lililokuwa limesukumwa pembeni hupata nafasi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano. Wale waliojizuia, baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Tukizingatia kwamba huyo alikuwa dubu tu, mnyama asiyewahusu kwa lolote, tunaweza kukisia nguvu ya msiba uliosukumwa pembeni kwa miaka. Aidha, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, wakiongozwa na Jared Lindahl na Willoughby Britton, walichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na watafakari na walimu wa Kibudha wa nchi za Magharibi, na miongoni mwa mambo waliyosimuliwa mlikuwamo hofu, majonzi, hasira na kukosa usingizi. Kwa wengine hali hizo zilipita upesi, na kwa wengine zilidumu muda mrefu na kuhitaji msaada. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ukitafakari vizuri utapata amani tupu anakuficha sehemu ya habari.

Sasa nije kwenye kipimo. Jambo ninaloliangalia kwanza si ukubwa wa hisia, bali kama bado ninaweza kutoka ndani yake nikitaka. Hasira yangu, kwa mfano, huanzia kwenye taya. Meno hubana, kisha kidole gumba cha mkono wa kushoto huingia ndani ya ngumi bila mimi kukituma. Nikikigundua kidole hicho kikiwa kimejificha, hujua kwamba wakati bado upo. Hufumbua macho, nikatazama bawaba ya mlango na kutu iliyoizunguka, nikakandamiza visigino sakafuni mpaka nihisi ubaridi wa saruji. Kisha husema kimoyomoyo, "Hasira ipo." Ninapoona pumzi imeshuka, hurudi kwenye taya kwa muda mfupi, nikahisi kule kubana kulivyo, na kabla hakujanizidi natoka tena kwenye visigino. Ni kama mpishi wa matoke anayefunua majani upande mmoja na kuuacha mvuke utoke kabla ya kutia mkono. Sehemu ya hisia inayoguswa kwa namna hiyo hulegea yenyewe, na kesho yake huwezekana kugusa sehemu nyingine kidogo.

Angalia kwamba nimesema "Hasira ipo", sikusema "Nimekasirika kwa sababu fulani amenifanyia hivi na hivi." Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kisa cha kaka yako na kibanja ndicho kinachoichochea hasira. Kila ukikisimulia upya kichwani, mwili huitikia kana kwamba mauzo yanafanyika sasa hivi mbele ya macho yako. Ukiitaja hisia yenyewe kwa neno moja au mawili, unaipa jina bila kuiongezea kuni. Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipozitaja kwa maneno hisia walizoziona kwenye picha za nyuso, amigdala, yaani ile sehemu ya ubongo inayoshughulika sana na hofu na hatari, ilipunguza mwitikio wake. Na mafundisho ya kale ya Kibudha kuhusu uangalifu yanamwelekeza mtafakari jambo hilohilo: hasira ikiwapo ajue kwamba ipo, isipokuwapo ajue kwamba haipo.

Kwa upande wa majonzi ya mama, ushauri wangu ni tofauti kidogo, kwa sababu majonzi hayahitaji kuzuiwa sana. Machozi yakija, yaache yashuke bila kuyapangusa kwa haraka na bila kutafuta maana yake. Kilio cha kweli huja kwa mawimbi na kila wimbi lina mwisho wake, hata kama likiwa katikati huonekana halitakwisha. Likishapita, nawa uso, kunywa maji, ukae kidogo kabla ya kushika simu au kupanda boda boda. Kwa muda mrefu nimekuwa na desturi ya kuandika mistari michache baada ya kulia, hasa jambo moja dogo nililolikumbuka kumhusu baba, na naamini uandishi huo umenifaa kuliko saa nyingi za kuketi.

Kama kifua kinabana, usijilazimishe kufuata pumzi. Pumzi husifiwa kila mahali, lakini kwa mtu ambaye hofu yake inakaa kifuani, kuikodolea pumzi ni kuikodolea hofu. Hamishia uangalifu kwenye nyayo, kwenye viganja, au kwenye sauti za mbali. Au simama utembee polepole. Katika mapokeo ya Theravada, tawi mojawapo la Ubudha, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Kituo cha Wabudha cha Uganda kilichoanzishwa mwaka 2005 karibu na Entebbe na mtawa wa Kiganda Bhikkhu Buddharakkhita, kutafakari kwa kutembea kuna heshima yake pamoja na kuketi. Mimi, nikiona asubuhi imekuwa nzito, huenda kutembea katika bustani za Hekalu la Wabahai juu ya kilima cha Kikaaya hapa Kampala, ambalo lilizinduliwa mwaka 1961 na liko wazi kwa watu wa dini zote. Wewe uko Jinja. Ukingo wa Nile unakutosha. Nyakati kama hizo punguza pia muda wa kuketi. Dakika tano ulizokaa ukiwa na akili zako timamu zina faida kuliko saa nzima ya kuzama.

Hapa sina budi kupinga jambo moja. Nimewahi kufuata mafundisho yaliyorekodiwa na kusambazwa kwenye intaneti ambayo humwambia msikilizaji asitikisike hata kidogo, avumilie lolote litakalokuja mpaka liishe. Kwa maumivu ya goti huenda ikawa sawa. Lakini nchi hii ina watu waliotekwa wakiwa watoto wakati wa vita vya kaskazini, ina watu waliobakwa, waliopigwa, walioona wazazi wao wakiuawa, na kumbukumbu za namna hiyo hurudi kana kwamba jambo linatendeka sasa. Kumwambia mtu huyo afumbe macho na avumilie peke yake chumbani ni kumtia hatarini. Ikiwa unapitiwa na usiku kadhaa bila usingizi, unasikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, unahisi kana kwamba umetengana na mwili wako hata baada ya kuinuka, au huwezi tena kufanya kazi zako, acha kuketi kwa sasa na umwone mtaalamu. Hospitali ya Butabika, iliyoanzishwa mwaka 1955, ndiyo ya rufaa ya taifa kwa magonjwa ya akili, lakini si lazima usafiri mpaka Kampala, kwani hospitali za rufaa za mikoa nazo zina huduma za afya ya akili. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo akufikishe hospitalini.

Wapo watakaokuambia kwamba ni mapepo. Mimi nilisali kabla ya kuanza kutafakari na ninasali hadi leo, na sijaona mahali ambapo machozi ya kumlilia mzazi yamemkosea Mungu.

Jambo ambalo ningependa ulifikirie zaidi ni kutafuta mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu taamuli hukuonyesha kilichomo moyoni lakini haiwezi kukusikiliza. Hapa Uganda tuna ushahidi wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanavijiji wa Masaka na Rakai waliokuwa na sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliopewa mafunzo, na hali zao zilipata nafuu kubwa kuliko za wale wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi hivyo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi. Mambo yanayozungumzwa humo ni manne: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Mawili ya kwanza ndiyo uliyotuandikia wewe. Kwangu mtu huyo alikuwa shangazi, dada yake baba. Nilipomweleza kuhusu ile harufu alicheka huku akilia, akanisimulia jinsi baba alivyokuwa kijana asiyependa kuvaa viatu kabisa, na baada ya mazungumzo hayo harufu ile haikunitisha tena.

Nimeliacha suala la kibanja mwisho kwa sababu lina upande wa pili. Si kila hasira ni ya kutuliza tu. Huenda umedhulumiwa kweli, na katika hali hiyo hasira inakukumbusha haki yako, nayo inastahili kushughulikiwa nje ya mkeka. Ila usimpigie kaka yako simu mara tu unapoinuka, mwili ukiwa bado moto. Ngoja mpaka siku ambayo unaweza kulisimulia jambo hilo taya ikiwa imelegea. Liandike lilivyotokea, nani alikuwapo na karatasi gani zipo, kisha umwombe mjomba au mzee mnayemheshimu nyote aitishe kikao cha familia, na likishindikana hapo lipelekeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kuhusu yale mazoezi ya kutafakari ambamo mtu huwatakia wengine mema kimoyomoyo, usianze na kaka yako. Anza na mama yako, au na mtoto unayempenda, na kama jina la kaka halitakuja kwa miezi mingi, halina haraka.

Ukipata nafasi, tuandikie mambo mawili: kama unalala usiku, na kama hasira hiyo inakujia pia mchana ukiwa kazini au ni wakati wa kuketi tu. Ikiwa hulali, nitakushauri usitishe kwanza kuketi alfajiri na uende hospitalini. Ikiwa unalala na hasira inaishia mkekani, basi anza kesho na dakika tano, macho yakiwa wazi.